Vijiwe Pembeni mwa Sahani

Sijui kula samaki mbele za watu. Nimezaliwa Rumonge, nyumba yetu haiko mbali na mwalo ambapo wavuvi wa ziwani hushusha samaki, na tangu utoto wangu sikumbuki juma lililopita bila mukeke au ndagala sufuriani. Lakini nikikaa na watu mbele ya samaki mwenye kichwa, vidole vyangu vinaanza kazi bila kuniuliza. Vinainua kifuniko cha shavu, vinapita nyuma ya jicho, vinabana fuvu mahali ninapopajua hata nikiwa nimefumba macho, na fuvu linafunguka. Ndani, kila upande, kuna kijiwe cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Navitoa vyote viwili, navifuta kwa kidole gumba, naviweka pembeni mwa sahani. Baada ya hapo ndipo naanza kula kama binadamu wengine.

Ni vijiwe vya sikio. Samaki wetu wote wanavyo, na vinakua pamoja nao, tabaka juu ya tabaka. Ukikisaga kijiwe taratibu mpaka kiwe chembamba kabisa, ukakiweka chini ya hadubini, unaona mistari iliyozungukana, mmoja nje ya mwingine, na kwa mistari hiyo unajua samaki alikuwa na umri gani, na kama alikua vizuri au alishinda na njaa. Sisi tunaofanya kazi hii tunaiita kusoma. Niliisomea Bujumbura, kisha ng'ambo, kisha nikarudi kuifanya hapahapa kwetu, kwenye chumba kimoja cha kituo kidogo kilicho juu ya mwalo, ili ijulikane samaki wa ziwa hili wanavuliwa wakiwa wamekomaa au wakiwa bado watoto.

Kijiwe cha samaki aliyepikwa hakina faida kubwa. Moto unakiharibu, mistari inafifia. Kwa hiyo siwezi hata kujitetea kwamba mezani niko kazini. Mkono umezoea tu.

Mkono huo ulinitia matatani kwenye hitima ya jirani yetu mmoja. Wanawake tulikaa mkekani kuzunguka sinia la wali na mukeke wa kuchoma. Nilikuwa nimechoka, mawazo yangu yako kituoni, na nilipomaliza kichwa cha samaki wangu nikachukua na vile ambavyo wenzangu walikuwa wameviacha. Nilivifungua kimoja kimoja, nikatoa vijiwe, nikavifunga kwenye karatasi laini na kuviweka kwenye mkoba. Nilipoinua macho, mkeka mzima ulikuwa unaniangalia. Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imeshafika sokoni. Kwetu mwanamke anayeokota mabaki ya watu kwenye nyumba ya msiba na kuyafunga kwenye karatasi haulizwi alisomea nini. Jina nililopewa sitaliandika hapa. Nitasema tu kwamba tangu siku ile, nikifika kwenye shughuli, wanawake wananipisha mkekani nikae kwa nafasi. Kwa nafasi kubwa sana.

Shangazi yangu, dada ya baba, ndiye aliyenilea na ndiye ninayeishi naye mpaka leo. Jioni ile aliniita chumbani kwake, akafunga mlango.

"Mutoto wangu, sikiliza. Ile mambo ya vichwa, ufanye ku kazi. Mbele ya watu, hapana. Umesikia?"

"Ni masomo tu, shangazi."

"Masomo iko ya watu wengi," akasema. "Hii yako iko ya wewe peke yako. Nani mwingine anaifanya? Nionyeshe mutu mumoja. Mutu akifanya kitu yeye peke yake, watu watasema nini?"

Mimi ni mtu wa maneno, tena wa hasira za karibu, lakini siku ile niliinuka nikatoka. Aliniuma kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nikaacha kula samaki mbele za watu. Kwenye shughuli nilisema tumbo haliko sawa, nikala maharage.

Kazi yetu ina sharti moja ambalo watu wa nje hawalijui. Kijiwe hakisomwi na mtu mmoja. Msomaji wa kwanza anasoma, anaandika umri anaouona, hasemi kitu. Msomaji wa pili anasoma kilekile bila kujua mwenzake ameona nini. Kisha wanalinganisha. Wakitofautiana wanakaa pamoja mbele ya hadubini na kubishana, na ubishi huo ndio unaofanya kazi iaminike, kwa sababu macho ya mtu yana mazoea yake na hayawezi kujikagua yenyewe.

Pale kituoni msomaji wa pili hakuwepo. Alikuwepo mlinzi, alikuwepo mhasibu ambaye alikuja siku alizopata petroli, na nilikuwepo mimi. Basi nikajifanya watu wawili. Nilisoma vijiwe, nikaandika, nikafunika alama zao kwa karatasi, nikavichanganya na kuvifungia kabatini mpaka nivisahau, halafu nikavirudia kama mgeni asiyejua kitu. Mimi na mimi tulikubaliana karibu kila mara. Tulikuwa na maelewano ambayo ndoa nyingi zingeyaonea wivu. Mwishoni mwa kila ripoti niliandika wazi kwamba msomaji ni mmoja na amesoma mara mbili. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari hiyo, na sidhani kuna aliyewahi kufika ukurasa ule.

Watu wakinihurumia kwa upweke wanadhani ni kwa sababu sina mume. Hilo nililizoea zamani. Upweke wangu ulikuwa kule kukubaliana na nafsi yangu mwaka baada ya mwaka, huku naanza kuogopa kwamba labda nimekosea tangu mwanzo, tena kwa uaminifu wote. Kulikuwa na mchana niliofunga hadubini mapema, nikakaa kizingitini nikiangalia maji ya ziwa yalivyopanda na kumeza safu moja ya vibanda vya mwaloni, nikajiuliza kama si afadhali niende Kizuka nikauze mawese na binamu zangu. Wao angalau wana mtu wa kuwaambia mafuta yao ni machafu.

Kwa hiyo niliposikia kwamba kongamano la watafiti wa ziwa, ambalo siku zote lilikuwa la miji mikubwa, safari hii litafanyika Rumonge, kwenye hoteli iliyo kando ya maji, sikuweza kukaa kitako. Niliwaza jambo moja tu: watakuja wasomaji. Nilimhitaji mmoja. Mtu mmoja wa kukaa naye mchana mmoja mbele ya vijiwe vyangu, aniambie kama ninachokiona kipo kweli au nimekiota. Nikijua, nitaendelea. Nisipompata, nilishaamua moyoni, nitafunga kile chumba na kuwarudishia ufunguo.

Nilituma muhtasari, ukakubaliwa, nikaambiwa nitapewa nafasi ya kutundika bango la utafiti wangu. Siku chache baadaye kamati ya maandalizi ikanipigia simu kutoka Bujumbura. Kosa langu lilikuwa kukaa karibu. Wakaniomba niwakagulie vyumba. Kisha niwatafutie jenereta. Kisha mpishi, kisha magodoro ya ziada, kisha mtu wa kufukuza mbu. Nikakubali yote kwa furaha, mjinga mimi. Nilidhani kwamba ukoo wa watafiti unaingiwa kama ukoo wa mume, kwa kuanza na kuteka maji.

Asubuhi ya kwanza nilivaa kitenge changu kipya, nikajipanga mstarini kuchukua beji. Washiriki walipewa za buluu. Yangu ilikuwa ya manjano, na chini ya jina langu, kwa herufi kubwa, imeandikwa ACCUEIL, yaani mapokezi. Nilimwonyesha kijana wa kamati aliyekuwa anazigawa.

"Ah, madamu, hiyo ni ya organisation tu," akasema akicheka. "Si wewe uko mwenyeji? Watakujua haraka."

Na kweli walinijua haraka. Walinijua kabla hata sijamaliza chai. Madamu, choo kiko wapi. Madamu, mikro haisikiki. Madamu, chumba changu hakina chandarua. Mtu anakuja kwako anatabasamu, macho yake yanashuka kifuani kusoma beji, na yakipanda tena tayari anakuomba maji ya kunywa. Sikuwa na ugomvi na maji. Maji nilileta. Lakini kila nilipofungua kinywa kusema kwamba na mimi ninasoma vijiwe, huyo mtu alikuwa ameshageuka.

Mchana kulikuwa na mada iliyonihusu kabisa, ya ukuaji wa mukeke. Nilikaa safu ya nyuma. Mtoa mada alisema jambo nililojua si sahihi kwa upande wetu wa ziwa, nikainua mkono. Mwenyekiti wa kikao akaniona. Akaangalia saa yake, akatabasamu, akasema kwenye mikro: "Naam, tunaambiwa chai iko tayari. Tumshukuru madamu." Wakapiga makofi, wakasimama, wakatoka wote. Nilibaki pale nyuma na mkono wangu nikiwa sijaushusha.

Jioni walikaa kwenye baraza la hoteli, meza zimeunganishwa, chupa mbele yao, wanabishana kuhusu nyavu na kucheka vicheko vya watu waliojuana zamani. Nilipita kumkabidhi mlinzi funguo za ukumbi. Hakuna aliyeniita. Hawakunifukuza pia, na nafikiri hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu mtu aliyekufukuza unaweza kumjibu. Niliondoka kwa miguu mpaka nyumbani. Nilikuwa mgeni Rumonge, mji niliozaliwa, na wenyeji walikuwa wale waliofika jana kwa basi.

"Wamekuona?" shangazi aliniuliza. Alikuwa amenisubiri na chakula.

"Wameniona sana," nikajibu, nikaingia kulala bila kula.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa ya mabango. Mimi nilipewa kikorido cha kwenda jikoni, lakini bango ni bango. Nilisimama kando yake toka mapema, nimejipaka mafuta, nimepanga kichwani majibu ya maswali yote. Saa ya mabango ilipokaribia, yule kijana wa kamati akaja mbio kunieleza. Basi dogo la washiriki waliochelewa limeishiwa petroli Muhuta, na Muhuta ni nani anayepajua isipokuwa wewe? Nilimwambia kwamba nina bango. Akalitazama kama ndiyo kwanza analiona, akasema, "Ni dakika chache tu, madamu, wageni wako juani." Nikapanda pikipiki. Huko petroli haikupatikana kwa urahisi, siku hizi haipatikani kwa urahisi popote, na niliporudi nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, watu walikuwa wanakunja mabango yao. Langu lilikuwa linaning'inia palepale peke yake, kona moja imebanduka.

Niliamua pale pale kikoridoni. Kesho nitamaliza kazi yao, kwa sababu nilishaahidi, na keshokutwa nitakabidhi ufunguo wa kituo.

Siku ya mwisho chakula cha mchana kilikuwa mukeke wa kuchoma, na ndizi, na mchicha wa lengalenga uliopikwa kwa mawese. Sikukaa kula. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jikoni nikihesabu kichwani ni magodoro ya nani yanarudi kwa nani, mara mpishi akatoka na sahani mkononi. Ni mwanamke wa Kizuka, mkali, anayejivunia mkono wake, na siku hiyo machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Madamu, wageni wako wanatafuta nini mu samaki yangu?" akasema. "Iko fresh, nimemununua asubuhi ku mwalo mimi mwenyewe. Angalia! Nyama wameacha, vichwa wamevunja vyote. Kama kuna kitu kibaya si waseme? Nenda uwaulize."

Nikaangalia sahani. Kichwa kilikuwa kimefunguliwa nyuma ya jicho, fuvu limegawanyika vizuri, na pembeni, kwenye ukingo, kulikuwa na vijiwe viwili vyeupe vimelala sambamba.

Nilitembea mpaka ukumbini, kwenye meza ndefu ya karibu na dirisha. Walikuwa wanaongea, wanacheka, wengine wanabishana mambo ya ufadhili, na huku wanaongea vidole vyao vilikuwa vinafanya ile kazi. Shavu, jicho, fuvu. Hakuna aliyekuwa anaangalia mkono wake. Hakuna aliyekuwa anaangalia mkono wa mwenzake. Karibu kwenye kila sahani, vijiwe viwili pembeni. Profesa mmoja mwenye tai alikuwa anatoa vya jirani yake, ambaye alikuwa amemsogezea sahani bila hata kukatiza hadithi yake. Nilisimama pale nikizihesabu zile sahani. Miaka yote ile ya kula maharage.

Mwanamke aliyekaa mwisho wa meza aliinua uso. Alikuwa mkubwa kwangu kiumri, mfupi, miwani yake ameifunga kwa kamba shingoni. Nilimjua kwa sura tu. Alikuwa ametoka Uvira, ng'ambo ya pili ya ziwa, upande wa Kongo, na siku ya kwanza nilikuwa nimembadilishia chandarua.

"Iko nini, mudogo wangu?" akaniuliza.

"Mpishi anauliza samaki ana kasoro gani."

"Mwambie samaki iko muzuri sana. Haina kasoro. Tunatafuta tu..." akasita, akitafuta namna ya kumweleza mtu wa mapokezi.

"Najua mnachotafuta," nikasema. Mbele yake kulikuwa na kichwa ambacho hakijaguswa. Nikainama, nikakifungua kwa mkono mmoja, kwa kidole gumba, nikaweka vijiwe viwili kwenye ukingo wa sahani yake.

Aliviangalia. Akaniangalia mimi, akaangalia beji, akaniangalia tena.

"Accueil?"

"Wao ndio walioandika hivyo."

"Ngoja. Ile afishi ya mukeke, ile bango ku njia ya jikoni, njo yako?" Akavaa miwani yake. "Jana nilikuwa nasimama pale sana. Nilikutafuta nikachoka. Nilitaka kukuuliza kitu kimoja tu: lecteur wa pili, musomaji mwenzako, njo nani?"

Lilikuwa swali nililolingojea miaka mingi, na lilipokuja lilinikuta nimeshika kitambaa cha kufutia meza.

"Ni mimi," nikasema. "Wa kwanza ni mimi, na wa pili ni mimi."

Nilingoja acheke. Yeye hakucheka. Alivua miwani tena, akaifuta, akachukua muda mrefu kuifuta.

"Unavifungia ku kabati mpaka unasahau?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mimi navifungia ku mukebe ya sukari," akasema. "Tangu mwenzangu alienda Kinshasa akaacha kujibu. Nilizani njo miye tu."

Hotuba za kufunga hatukuzisikiliza. Tuliondoka sote wawili kwa mlango wa jikoni, nikamwambia mpishi kwamba samaki wake wamependwa mpaka mifupa, akanikunjia uso lakini akafurahi. Kituoni nilimpa kiti changu, nikakaa kwenye kreti. Tulifanya kama sharti linavyotaka: yeye anasoma, anaandika, ananigeuzia mgongo, mimi nasoma, naandika, namgeuzia mgongo. Chumba kilikuwa kimya, lakini ukimya wenye mtu mwingine ndani yake ni kitu tofauti kabisa, na mimi nilikuwa nimeshausahau. Kisha tukaweka karatasi zetu mbili pamoja.

Hatukukubaliana.

"Huyu umemuzeesha," akasema. "Hapa mwanzo unahesabu mustari yenye haipo. Hii si mustari. Hii ni kivuli tu."

"Ni mstari, mama. Angalia vizuri."

"Nimeangalia kabla wewe hujazaliwa!"

"Basi macho ndiyo yamechoka!"

Tulibishana mpaka mlinzi akagonga mlango kuuliza kama kuna usalama. Kwa vijiwe vingine alikuwa na haki, na samaki wangu kadhaa walipungua umri mchana ule. Kwa vingine haki ilikuwa yangu, naye alikubali kwa kuguna tu, kama mtu aliyepunjwa sokoni. Nilipokosea, nilijua nimekosea wapi na kwa nini. Nilipopatia, sikuwa mimi tena niliyejisifu. Sijawahi kupingwa kwa utamu kama ule. Wakati fulani ilibidi nitoke nje kidogo nikapenge kamasi, nikamdanganya kwamba ni vumbi.

Jioni nilimpeleka nyumbani akamsalimie shangazi. Wakasalimiana kwa amahoro nyingi, wakaulizana habari za Uvira na za mvua, na chakula kikaja, na chakula chenyewe kilikuwa mukeke. Nilitamani kumkonyeza mgeni wangu, lakini nilichelewa. Alikuwa anamsimulia shangazi habari za mjukuu wake, na vidole vikawa vimeshaingia nyuma ya jicho. Akatoa viwili, akavifuta, akaviweka pembeni. Kisha, bado anasimulia, akanyoosha mkono kwenye sahani ya shangazi, akachukua kichwa cha samaki na kutoa vingine viwili.

Shangazi aliacha kutafuna. Alimtazama yule mgeni, mwanamke mzima, mwenye wajukuu, mwenye heshima zake. Akanitazama mimi. Akatazama vile vijiwe vinne vilivyokaa ukingoni.

"Kumbe muko wengi," akasema.

Aliyasema taratibu, akishusha pumzi, na mimi niliyemjua maisha yangu yote ndipo nilipoelewa kwamba siku ile alipofunga mlango hakuwa na aibu kwa ajili yangu. Alikuwa na woga.

Mgeni wangu aliondoka kesho yake asubuhi na basi la Bujumbura pamoja na wengine wote. Yule wa kamati alichukua beji yangu ya manjano, akasema atairekebisha kwenye kompyuta. Hoteli ikakunja viti vyake. Ufunguo wa kituo sikuukabidhi. Lakini nisidanganye kwamba upweke uliisha. Kwa muda fulani ulizidi, kwa sababu zamani nilikuwa mpweke wa jumla, na sasa nilikuwa nimemkosa mtu fulani, mwenye miwani ya kamba. Nilipofungua hadubini nilimsikia akisema hii ni kivuli. Tunatumiana vijiwe kwa madereva, vya kwangu kwenda Uvira na vya kwake kuja Rumonge, na mpaka ukifungwa vinakaa vikingoja upande mmoja au mwingine, na sisi tunakaa tunangoja. Kwenye simu tunagombana. Kuna majuma mengi ambayo hatuongei kabisa, mtandao hakuna au umeme hakuna, na chumba kinarudi kuwa kile kile cha zamani.

Hivi karibuni kulikuwa na hitima nyingine mtaani. Nilikaa nafasi yangu, ile kubwa, na masinia yalipoletwa nikasema kama kawaida kwamba tumbo haliko sawa. Shangazi alikuwa amekaa upande wa pili wa sinia, katikati ya wazee wenzake. Nikamwona anachukua kichwa cha mukeke. Akakigeuza, akakibonyeza pasipo penyewe, akakibonyeza tena kwa nguvu za vidole vyote, na fuvu likapasuka vibaya, mafuta yakamrukia kwenye mtandio. Wanawake wakaanza kumwangalia, mmoja baada ya mwingine. Yeye hakuharakisha. Akachokoa mle ndani mpaka akapata. Kimoja kilikuwa kimevunjika vipande, na kingine kimeungua, hakisomeki. Akavifuta vyote kwa kidole gumba, akanyoosha mkono juu ya sinia, akaviweka mbele yangu.

"Chukua," akasema, kwa sauti ya kusikika na mkeka mzima. "Umupelekee na mwenzako."